Bata Aliyelala Slimbridge

Kwetu mtu haingii palipo na watu bila kutoa salamu. Nilipousukuma mlango wa kibanda cha kutazamia ndege pale Slimbridge, magharibi mwa Uingereza, nikakuta migongo minane imepangana kwenye benchi, na wengi wao wazee wa kuamkiwa, shikamoo ilikuwa tayari ulimini. Hakuna aliyegeuka. Mzee wa mwisho alisogea kunipa nafasi, akanifungulia kidirisha kirefu chembamba, akaninong'oneza: "Yule wa tatu kutoka kwenye matete. Amelala." Hiyo ndiyo iliyokuwa karibu yangu. Ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba ilikuwa karibu ya heshima kamili, maana walikuwa wamenigawia kitu pekee walichokuwa wakikijali saa ile.

Ilikuwa Januari. Slimbridge iko kando ya Mto Severn, mto unaojaa na kupwa kama bahari, na maji yakipwa huacha uwanda wa tope linalong'aa kama bati jipya. Majira hayo mabata hushuka huko kwa maelfu wakikimbia barafu ya kaskazini. Peter Scott, mchoraji na mpenzi wa ndege, alianzisha hifadhi hiyo mwaka 1946, akafanya jambo ambalo sijaliona kwetu: ndani ya uzio wanafugwa mabata na mabata bukini wa mabara mengi, na hatua chache nje ya uzio wanatua wale wa mwituni. Maji hayajui uzio. Bata wa kufugwa akichopoka, anaogelea na wasafiri kana kwamba naye ametoka Urusi juzi.

Nimeongoza wageni kwa miaka kadhaa kwenye maziwa ya Momella, chini ya Mlima Meru, kwa hiyo sikwenda kule nikiwa mgeni wa mabata. Lakini thamani za vitu zilikuwa zimegeuzwa. Bata mwenye kishungi, mweusi mwenye ubavu mweupe, ambaye hapa Afrika Mashariki akitokea tunaitana, kule alijaa bwawani na hakuna aliyemwinulia darubini. Bata bukini wa Misri, ambaye Momella huwafokea watu kutoka juu ya mti, alikuwa akitembea majanini. Babu zake walipelekwa Uingereza karne ya 17 kupamba mabwawa ya matajiri. Nilimfurahia kama mtu wa kijiji kimoja nami. Wenzangu walimruka.

Macho yote yalikuwa kwa yule aliyelala. Alikuwa katikati ya wenye vishungi, mdomo ameufukia mgongoni, na wao walihisi kwamba huenda ni bata wa shingo ya pete, mwenyeji wa Amerika Kaskazini. Ubavu wake ulikuwa wa kijivu badala ya mweupe, na mbele ya ubavu palichomoza ncha nyeupe iliyopanda juu kama wembe. Kichwa kilionekana kuchongoka kisogoni. Mambo mengine yote yalikuwa yamefichwa na usingizi.

Jina la bata huyo lina kisa. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1809 na Edward Donovan, aliyempata akiwa mzoga katika soko la Leadenhall, London. Ndege wa Amerika, basi, aliingia vitabuni kupitia mmoja aliyepotea akaishia kwenye meza ya muuza nyama. Na kwa kuwa alitazamwa mkononi akiwa amekufa, walioona pete ya hudhurungi shingoni walimwita hivyo kwa haki. Akiwa hai majini pete hiyo karibu haionekani. Kinachoonekana ni pete nyeupe kwenye mdomo, karibu na ncha yake nyeusi. Kwa hiyo tulikuwa watu tisa tukingoja bata atoe mdomo manyoyani.

Wakati wa kungoja niliuliza: hata akiwa ndiye, mtajuaje kwamba amevuka bahari? Mzee alinieleza kwa unyenyekevu wa mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Kuna mpotevu na kuna mtoro. Mpotevu ametolewa njiani na tufani ya Atlantiki, akavuka kama kilomita 3,000 za maji, akajiunga na jamaa zake wa upande huu kwa kuwa hana wengine. Mtoro ametoka kwenye kizimba cha mtu. Kwa hiyo hutazamwa miguu kama ina pete ya mfugaji, mabawa kama yamewahi kukatwa, na tabia: anayekimbilia mkate ana mashaka makubwa. Bata wa shingo ya pete wa kwanza kuthibitishwa nchini humo akiwa hai alionekana hapo hapo Slimbridge, Machi 1955. Mwingine alivishwa pete hapo Machi 1977, na Mei ya mwaka ule ule akapigwa risasi Greenland. Niliposikia hilo nilinyamaza. Bata yule alikuwa ameelekea kwao, na tayari alikuwa amefika mbali.

Kwa ndege walio adimu zaidi ipo kamati, tangu mwaka 1959, inayopokea maelezo na kuyapima kabla jambo halijaandikwa kuwa limetokea. Mwanzoni niliona ni kumdhalilisha mtu, kutakiwa ushahidi wa alichokiona kwa macho yake. Kwetu kazini mgeni akinyoosha kidole, mwongozaji hutaja jina papo hapo. Kusita ni aibu, na mimi nimewahi kutaja majina ambayo sasa nisingeyaapia. Hapo kibandani watu waliokuwa wakitazama mabata kabla sijazaliwa walisema "sijui bado" mara tano ndani ya saa moja, na hakuna aliyeshushwa hadhi.

Saa tisa kasoro bata akaamka. Mdomo ulitoka, na pete ilikuwapo, hafifu. Nikashusha pumzi mapema. Kisogoni palikuwa na vinyoya vifupi vilivyoning'inia, dalili ya kishungi. Kisha akasimama juu ya maji, akapiga mabawa mara mbili, na mstari uliopita bawani ulikuwa mweupe, wakati wa shingo ya pete ungekuwa wa kijivu. "Chotara," mzee alisema. Mahali fulani mpotevu alikuwa ameoa ugenini. Wote wanane waliinamisha vichwa wakaandika: saa, mwanga, rangi ya ubavu, urefu wa vinyoya, kwa uangalifu ule ule ambao wangemwandikia mgeni wa kweli.

Mabata wenye mkia uliochongoka walikuwa wakitua upande wa pili. Mzee aliniuliza kama ndio hao wanaofika kwetu. Nikamwambia ndio, hao hao, huwa nawaona Momella wakati huku ni baridi. Akauliza kama wanaofika ni majike zaidi au madume.

"Sijui bado," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaniachia darubini yake kubwa.