Kununua Bunduki ya Kwanza

Watu wakisikia kwamba karani fulani amenunua bunduki, huuliza mara moja: amepata adui gani? Mimi sina adui, na uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku katika nchi yetu ya Kenya mwaka 1977. Nilitaka kulenga shabaha, mchezo ambao wataka utulivu kuliko misuli, nao wamfaa mtu aketiye mezani juma zima.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka cheti kipatikane kabla ya bunduki, wala si baadaye. Cheti hicho hutaja aina ya bunduki na idadi ya risasi mtu aruhusiwazo kuwa nazo. Wenzangu wengine huona taratibu hizo ni usumbufu. Kazi yangu ni mafaili, na hilo ni moja katika machache ambayo napenda yaende polepole.

Lakini neno zito lilikuwa nyumbani. Tuna watoto watatu, na yule mdogo hupanda juu ya kila kitu. Mke wangu akaniambia, “Baba Atieno, bunduki haitaingia hapa kabla ya kabati lake.” Basi fedha za kwanza zikaenda kwa fundi wa vyuma: kabati lililofungwa imara ukutani, na kisanduku cha risasi chenye kufuli yake mbali. Mabati ya jiko yakangoja mwaka mwingine. Jamaa mmoja alinishauri nifiche tu juu ya dari. Huyo hajapata kuona jinsi watoto wavumbuavyo sukari. Mahali pa kuficha ni kitu kimoja, na mahali pa kufungia ni kingine.

Tena likaja swali la aina. Ofisini walinihimiza ninunue bunduki kubwa, mfano wa zile .303 walizobeba babu zetu wa King's African Rifles huko Burma mwaka 1944. Nikachagua .22. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6 hivi, na haimpigi mtu begani. Mwanafunzi aanzaye na bunduki kubwa hufumba macho kabla ya mlio, na desturi hiyo ikishaingia ni kazi kuitoa. Hata hivyo ndogo si ya kuchezea: risasi yake yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa hiyo lazima mtu ajue kilicho nyuma ya shabaha. Katika mashindano ya mita 50 ya Olimpiki, duara la katikati lina upana wa milimita 10.4, yaani kama punje ya hindi.

Muuzaji alisifu sana mbao zake zilivyong'aa. Mimi nikaomba tochi. Tulipokwisha kuhakikisha kwamba haina risasi, nikachungulia ndani ya kasiba kutafuta kutu na vishimo, kisha nikapapasa mdomo wake, maana hata pengo dogo pale hupoteza risasi njia. Nikaiweka begani pia. Kitako kikiwa kirefu mno, mtu hunyoosha shingo kama twiga, na hapo hakuna shabaha tena. Fedha zilizobaki nikazitenga kwa risasi, kwani bunduki isiyo na mazoezi ni pambo ghali.

Sasa huenda uwanjani Jumamosi mbili kila mwezi. Juzi mke wangu aliniuliza fomu za cheti hupatikana wapi.