Tunaiita Dawa



Msimu mmoja wa kupulizia pamba, mama mmoja wa hapa kwetu Kigongo alitungojea nje ya kanisa mpaka wenzake wote walipoondoka. Mimba yake ya tatu ilikuwa imeharibika. Ukweni walikuwa wameanza maneno, na mumewe alikuwa akishauriwa kuoa mke mwingine. Akatuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hivi ile dawa ya pamba haiwezi kuwa ndiyo?"

Tuliona haya. Tumevaa sare ya uuguzi zaidi ya miaka ishirini. Kila mama aliyepoteza mimba tulimwuliza habari za malaria, kaswende na upungufu wa damu. Kuhusu shamba hatukuuliza. Na nyumbani kwetu wenyewe, shati ambalo baba watoto alivaa akipulizia lililowekwa beseni moja na nepi za mtoto.

Tulimjibu kwa haki: hakuna awezaye kusema kwa hakika ni nini kilichoharibu mimba zake. Lakini swali lake ni la kweli.

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili mna vinasaba, yaani maagizo ya kuujenga mwili. Ni kama mama anayefuma kitambaa akifuata kielelezo. Kitanzi kimoja kikiponyoka, hufumua na kurudia. Mwili nao hujirekebisha hivyo hivyo. Lakini sumu ikiingia siku baada ya siku, kwa ngozi, kwa pumzi na kwa mikono isiyonawiwa, makosa huweza kuzidi marekebisho. Kosa likibaki, baada ya miaka mingi laweza kuwa chanzo cha saratani. Likiwa katika mbegu ya baba au yai la mama, laweza kudhuru uzazi. Si kila mwenye madhara hayo huugua, wala hayaonekani kwa macho.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka malathioni na diazinoni, sumu za wadudu zinazojulikana sana kwa wakulima, katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Miongoni mwa sababu ni ushahidi kwamba zinaharibu vinasaba.

Na wanaume je? Mwaka 1977, huko California, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza sumu ya minyoo ya udongo iitwayo DBCP waligundulika kuwa mbegu zao zimepungua au zimekwisha kabisa. Wake zao hawakuwa na kosa lolote. Tafadhali wasimulieni mawifi na mama wakwe habari hiyo.

Mwaka 1999 Ulaya ilikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa kuhofia sumu iliyotumiwa na wavuvi. Nchi tatu zilihangaika. Samaki alipoguswa, wote tulisikia. Je, anayebeba bomba mgongoni bila glavu, nani anamsikia?

Mama mwenzetu, tuanze nyumbani. Mwenye mimba au anayenyonyesha asipulizie, asichanganye sumu, wala asiingie shamba lililotoka kupuliziwa. Baba avae mikono mirefu, glavu, viatu vya mpira na kifuniko cha pua na mdomo, naye asipulizie akielekea upepo. Akirudi aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake, na anayezifua avae glavu. Kopo tupu lisiwe la maji, maziwa wala mafuta ya taa, na bomba lisisafishwe ziwani tunakochota maji.

Yule mama alirudi na mumewe. Tuliwaelekeza wote wawili hospitalini wakapimwe, si mke peke yake. Baba huyo alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mimi ndiye ninayepulizia. Mbona walimsema yeye?" Hatukuwa na jibu.

Siku hizi nyumbani kwetu kuna beseni la pili, lenye alama nyekundu. Watoto wameshazoea kutoligusa. Tumewafundisha pia kuiita sumu kwa jina lake.