Usafi wa Gari

Gari huoshwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni macho ya watu. Ya pili ni uhai wa gari lenyewe na wa wale wachukuliwao nalo. Wengi huifuata ya kwanza wakaisahau ya pili, na kazi yao yote ikawa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwenye gari aishiye pwani ana adui asiyeonekana. Upepo wa bahari huleta chembe za chumvi. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi huharakisha kutu. Aghalabu kutu haianzi juu ya boneti, mahali ambapo macho hufika. Huanza chini ya bodi, ndani ya madigadi, na katika ncha za chini za milango, ambamo kiwanda kiliacha matundu madogo ya kutolea maji. Matundu hayo yakizibwa na matope, maji hukaa, na mlango ung'aao kwa nje huliwa kwa ndani kama gogo lililoingiwa na mchwa. Kwa hiyo aoshaye gari kwa busara hupiga magoti kwanza, akazibua matundu na kuondoa matope ya chini, kabla ya kuufikiria uso.

Kazi ya uso nayo ina utaratibu wake. Gari huwekwa kivulini, maana jua hukausha sabuni juu ya rangi ikaacha mabaka. Magurudumu huoshwa mwanzo, kwa kitambaa chao peke yao, kwa kuwa vumbi la breki lina chembe za chuma zikwaruzazo. Maji humwagwa kuondoa mchanga, kisha mkono huanzia paani ukashuka, kwani uchafu mwingi hukaa chini. Ndoo huwa mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa. Tahadhari hii si madaha. Vanishi ifunikayo rangi ya magari mengi ya siku hizi ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida, na chembe moja ya mchanga ikisuguliwa kwa pupa huichora. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, maana huondoa nta iliyopakwa kuilinda. Nta mashuhuri kwa kazi hiyo, carnauba, hutoka katika majani ya mti wa jamii ya mitende uotao Brazili, ambao kwayo hujikinga usipoteze maji.

Nje pakiisha, jirani husifu, na wengi huachia hapo. Lakini mtu hakai nje ya gari lake. Ndani ndimo avutamo pumzi yeye na watoto wake, nako vumbi hukaa vitini na unyevu chini ya zulia ukazaa kuvu. Hapana budi mazulia yatolewe, yapigwe vumbi, yasuguliwe na kuanikwa, na milango iachwe wazi mpaka ndani pakauke. Yarudishwapo yafungwe imara, maana zulia lililoteleza mbele laweza kuikandamiza pedali ya mafuta. Pedali na usukani visipakwe mafuta ya kung'arisha, mguu na mkono visije vikateleza.

Kioo cha mbele hufutwa mwisho, kwa ndani. Hapo hujengeka utando mwembamba usioonekana mchana. Usiku, taa za gari lijalo zikiupiga, mwanga hutawanyika ukawa pazia machoni mwa dereva. Hakuna mpita njia atakayekisifu kioo kilichofutwa kwa ndani. Hata hivyo, mtu avukaye barabara gizani, asiyemjua dereva wala gari lake, ana haki yake katika kioo kile. Na haki hiyo hulipwa nyumbani, kwa kitambaa safi, kabla jua halijatua.