Staa atua ukweni Ngara na gari la kulala, AC nusura imuumbue

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliyeamua kwenda ukweni Ngara kistaa. Basi hakupanda. Alienda na gari la kulala la mtumba kutoka Japani: kitanda, jiko dogo, na AC juu ya dari. Sifa zilikuwepo, tusidanganyane, ila sababu kubwa ilikuwa mahari. Hajamaliza. Kulala ndani kwa mama mkwe huku unadaiwa si jambo dogo, na mke ana mimba ya miezi saba. Gari likawa stara.

Usiku wa kwanza walilala Biharamulo, wakaomba umeme gesti. Sasa, AC ile ni ya volti 100 za Japani. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, kwaheri AC. Hilo jamaa alilijua, alikuwa na transfoma. Asichojua ni kwamba AC ya wati 1,200 inavuta mara kadhaa ya hapo kompresa inapoanza kuzunguka, na transfoma yake ilikuwa ya wati 1,000. Juu ya hapo akatumia ekstensheni ya kuzungusha bila kuifungua yote. Waya ukiwa umeviringwa hivyo, joto halina pa kutokea. Mke ndiye aliyesikia harufu ya plastiki inaungua. Shukuru pua ya mjamzito.

Ngara akaamua kumwita fundi. (Ngara yenye baridi ile, AC ya nini? Madirisha yamefungwa, majirani wako nje na simu za kamera, ndani hakuvumiliki.)

Fundi hata AC hakuigusa. Alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta waya wa ethi, akaukuta umekatika, unaning'inia hewani.

"Bosi, gari limesimama kwenye mpira," akasema. "Waya ukichubuka ukagusa bodi, gari zima lina umeme na breka haikati. Linasubiri tu wa kulishika."

Na wa kulishika anajulikana. Kila alfajiri mama mkwe hutoka pekupeku kwenye umande na chupa ya chai, anagonga mlango wa gari. Jamaa akakaa kimya kabisa.

Kazi ikachukua siku nzima. Ethi mpya ardhini, ikapimwa. Laini ya AC peke yake kutoka meni swichi, waya wa milimita 2.5, isichangie na friji la mama. Kikaongezwa kile kifaa mafundi wanachokiita RCD, kinachokata umeme ukianza kuvuja, hata miliampia 30 tu. Transfoma ikaagizwa ya wati 3,000, na bodi ya gari ikaunganishwa na ethi.

Rusumo iko hapohapo wilayani, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, laini inakatiza hadi Nyakanazi, Biharamulo. Umeme upo. Ila kuanzia kwenye LUKU kuingia ndani, hiyo ni juu ya mwenye nyumba na fundi wake.

Transfoma ilipofika AC ikawashwa, ikapiga dakika ishirini, mke akaomba blanketi.

Asubuhi mama mkwe akaleta chai, akashika mlango, akagonga kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo hela ya fundi, usije ukaihesabu kwenye mahari."