Mtihani Ulisogezwa, Msimu Wetu Ukafutwa

Wadau, leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho watu wa rika langu hukitaja kwa utani, halafu tunabadilisha mada haraka: ile misimu miwili ya mpira wa shule tuliyoikosa wakati wa korona.

Nikizunguka na simu yangu kurekodi mechi za mtaani, kuanzia Migori mjini, Awendo na Rongo mpaka upande wa Homa Bay, sikosi kukutana na jamaa mmoja wa miaka ishirini na kitu ambaye watu wanamnyooshea kidole pembeni ya uwanja. "Huyo angefika mbali. Ni vile tu korona ilimkuta fomu tatu." Imekuwa kama cheo cha mtu. Wengine wana digrii, sisi tuna "korona ilimkuta fomu tatu".

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kubishana na yeyote. Kusimamisha mpira mwaka 2020 kulikuwa sawa kabisa. Shida ilikuja baadaye, kalenda ilipopangwa upya. Mtihani ulitafutiwa tarehe mpya, mpira haukutafutiwa. Na mpaka leo sijasikia mtu akikaa chini kuhesabu nani alipoteza nini.

Kwa wale hamfuatilii mpira wa shule, nieleze kidogo. Michezo ya sekondari huku Kenya, ile inayosimamiwa na chama cha KSSSA, imegawanywa kwa mihula. Muhula wa kwanza una mpira wa kikapu, magongo, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Soka ni muhula wa pili. Mnaanza zoni, mnapanda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha Nyanza nzima, ambako Migori na Homa Bay wanakutana na Kisumu, Siaya, Kisii na Nyamira. Ukivuka hapo ni taifa, na juu kabisa ni Afrika Mashariki. Shule kama Agoro Sare pale Oyugis zinajulikana mbali kwa sababu ya ngazi hiyo.

Sasa piga hesabu. Sekondari ilikuwa miaka minne, kwa hivyo mtu alikuwa na misimu minne ya soka, basi. Kidato cha kwanza unabeba maji na koni. Cha pili unakaa benchi, ukiwa na bahati unaingia dakika za mwisho mkiwa mnaongoza. Cha tatu ndio msimu wako. Cha nne unacheza ukiwa na KCSE kichwani, lakini ndio wakati kocha wa klabu ama wa chuo anakuita kando na kukuuliza, "Kijana, ukimaliza unaenda wapi?" Kwa sisi tuliokuwa kidato cha tatu mwaka 2020, misimu miwili iliyopotea ni hiyo hiyo miwili ya mwisho. Tulibaki na ile ya kubeba maji na kukaa benchi.

Hebu tukumbushane tarehe, maana watu husahau. Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na siku hiyo hiyo shughuli zote za kukutanisha shule zikasimamishwa. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule. Soka haikuwa imeanza hata zoni. Tarehe 7 Julai, Waziri wa Elimu George Magoha, Mungu amlaze pema, akasema mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, turudi Januari. Oktoba wakaitwa wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Sisi wengine tulirudi tarehe 4 Januari 2021.

Hapo ndipo mbio zikaanza. Mihula ikabanwa, likizo nyingine ikawa ya wiki moja na siku kadhaa, mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza Julai na kumalizika Machi 2022. KCSE ya 2020 ilifanywa Machi na Aprili 2021. Yetu ikafanywa Machi 2022. Ya 2022 ikafanywa mwisho wa mwaka huo huo. KCSE tatu ndani ya miaka miwili! Waliopanga ile kalenda walikuna kichwa kweli, na nawapa heko. Lakini ndani ya mbio zote hizo hakukuwa na zoni, hakukuwa na kaunti, hakukuwa na Nyanza. Michezo ya shule ilikuja kurudi mwaka 2022, na mwezi wa Septemba washindi wakaenda Arusha kwa Afrika Mashariki. Sisi tulikuwa tumeshatoka getini na masanduku yetu.

Niseme ukweli kuhusu mimi. Nilikuwa beki wa kulia wa kawaida sana katika shule moja ya bweni upande wa Homa Bay, na Harambee Stars haijawahi kunihitaji. Nilichopoteza mimi ni raha na safari za basi. Namba tisa wetu ndiye alipoteza zaidi. Sitamtaja jina kwa sababu ana maisha yake, lakini waliocheza na sisi wanamjua. Mguu wa kushoto, mrefu, mpole nje ya uwanja, ndani hana huruma. Kwao ni Nyatike, mama yake anauza omena. Shule ilimchukua kwa sababu ya mpira, na makubaliano yalikuwa kwamba karo yake itapunguzwa sana mradi acheze.

Hii ndiyo sehemu ambayo watu wa mjini hawaielewi wakisema, "Si ni mchezo tu." Huku kwetu mpira ni karo. Kuna vijana wengi wanaosoma kwa miguu yao. Wakati wa kufungwa kwa shule, namba tisa wetu alienda migodi ya dhahabu ya Macalder kama vijana wengi wa pale. Aliporudi Januari 2021 aliambiwa kwamba michezo haipo, kwa hivyo mpango wa karo nao haupo, mzazi alipe kama wazazi wengine. Mama akauza mbuzi, akauza tena, mwisho kijana akawa anarudi mgodini kila akitumwa karo. KCSE alifanya, lakini mtu anayesoma wiki mbili na kuchimba wiki tatu anapata alama gani? Nilipomuuliza juzi kama ana uchungu, alicheka kidogo. "Omera, mimi sikufungwa na mtu. Refa alipuliza filimbi ya mwisho kabla gemu ianze."

Na hata alipotoka shule, mlango wa pili ulikuwa umefungwa. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa FKF, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya mpaka Novemba mwaka huo. Kwa hivyo rika letu lilikosa skauti wa shule kwa sababu ya korona, halafu likaingia mtaani wakati soka ya wakubwa nayo iko kifungoni. Kama hiyo si mikosi, sijui ni nini.

Najua kuna mtu ananiuliza, "Sasa wewe ulitaka watoto wafe kwa ajili ya mpira?" Hapana. Mimi ni mtu wa huku, nilizika watu. Juni 2021 serikali ilitaja kaunti 13 za upande wa magharibi mwa nchi ambako maambukizi yalikuwa juu, na Migori na Homa Bay zilikuwa humo. Kafyu ilianza saa moja jioni mpaka saa kumi alfajiri. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, masoko yasiyo ya chakula yakafungwa, na maiti ikapaswa kuzikwa ndani ya saa 72. Mjaluo kuzika ndani ya saa 72! Ukiona jamii yetu imekubali hilo, ujue mambo yalikuwa mazito. Mwezi huo hakuna mtu mwenye akili angepanga mechi Oyugis ama Rongo.

Lakini korona haikukaa kwa kiwango kimoja miaka miwili. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Ligi ya wakubwa ilicheza na hiyo mawimbi. Aprili 2020 FKF ilikatiza msimu na kuipa Gor Mahia ubingwa, na huku kwetu tulisherehekea tukiwa nyumbani na barakoa za kijani. Ligi ikarudi mwisho wa Novemba, ikasimamishwa tena Machi 2021, ikarudi Mei, na Agosti Tusker wakabeba kombe. Ilikuwa ratiba ya kuungaunga, lakini ilikuwa ratiba.

Na tuangalie hata mbali zaidi, Marekani, kwa ile futiboli yao ya helmeti na mpira kama yai. Kule mpira wa vyuo ni dini. Agosti 2020 ligi mojawapo kubwa, Big Ten, iliahirisha msimu wake wote. Septemba wakabadili uamuzi, na mwisho wa Oktoba wakaingia uwanjani. Mechi zilifutwa kila wiki. Ohio State walicheza mechi tano tu za kawaida, mpaka ligi yao ikalegeza sharti lake la mechi sita ili waingie fainali ya ligi. Walifika mpaka fainali ya taifa Januari 2021, wakapigwa 52 kwa 24 na Alabama, timu iliyomaliza msimu na mechi 13 huku wao wakiwa na nane. Je, ilikuwa haki? Watu wanabishana hadi leo. Pesa za televisheni zilisukuma mambo mengi pale, na sisemi tuwaige kila kitu.

Kitu ninachotaka tuige ni kimoja, na hakihitaji televisheni. Agosti hiyo hiyo ya 2020, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kiliamua kwamba wachezaji wa michezo ya msimu ule wataongezewa mwaka mmoja wa kucheza. Ucheze usicheze, mwaka ule hauhesabiwi dhidi yako. Karatasi moja tu. Walikubali kwamba msimu ni mali ya mwanafunzi, na ukimchukulia, unamrudishia.

Kwetu kungefanyika nini? Kwanza, si lazima kila msimu ufike Afrika Mashariki. Wakati maambukizi yameshuka, shule nne za zoni moja zingeweza kucheza mchana, bila mashabiki, bila kulala nje. Ukitoka Rapogi hadi shule jirani huhitaji basi la kwenda Kakamega. Pili, michezo ya shule ina kikomo cha umri. Miaka iliyofutwa ingeondolewa kwenye hesabu hiyo, ili aliyebaki shuleni mwaka 2022 asiambiwe amezeeka akiwa nyumbani kwa amri. Tatu, na hili ndilo linaniuma zaidi, mtoto aliyeahidiwa karo kwa sababu ya kipaji asinyang'anywe karo kwa sababu uwanja umefungwa. Mguu wake wa kushoto haukwenda popote.

Tusisahau mabinti. Kaunti zetu mbili ziko juu ya wastani wa taifa kwa mimba za mapema, na ule wastani wenyewe ni asilimia 15. Kwa msichana wa Mbita ama Kuria, mazoezi ya saa kumi yalikuwa na maana kubwa kuliko kombe. Kulikuwa na mwalimu anayekungoja, wenzako wanaouliza uko wapi, na sababu ya mzazi kukubali ukae shule. Unapofuta msimu, unafuta na hilo jicho.

Kwa nini naleta haya saa hii, korona ikiwa hadithi? Kwa sababu kufungwa kutarudi, hata kama si kwa ugonjwa. Mwaka 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa muhula wa pili mpaka tarehe 13 Mei, na muhula wa pili ndio wa soka. Safari hiyo michezo ilibanwa ikachezwa, na Agosti Kenya ilikuwa Mbale, Uganda. Kwa hivyo inawezekana. Na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 wameingia sekondari ya juu, ambako Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mkondo mzima wa masomo. Kuna mtoto leo ambaye uwanja ni darasa lake. Kukitokea janga lingine, huyo tutamwambia masomo yake yamefutwa lakini ya mwenzake wa kemia yamesogezwa?

Ningependa kuona sera imeandikwa sasa, tukiwa na afya na akili imetulia: shule zikifungwa, msimu unapangiwa tarehe mpya kama vile mtihani unavyopangiwa, hata ukiwa mfupi, hata ukiishia zoni. Wakuu wa shule, makocha na wawakilishi wetu wa kaunti, hii haihitaji bajeti kubwa.

Namba tisa wetu siku hizi anaendesha nduthi, na Jumapili anacheza. Wikendi iliyopita alifunga mawili, nikayarekodi. Watoto wa shule walikuwa wamejaa nyuma ya goli wakimshangilia, na mmoja aliyevaa jezi ya Kogalo akaniuliza, "Huyu alichezea shule gani?" Nikamtajia. Akauliza tena, "Na mbona hatukumsikia?"

Wewe ungemjibu nini?