"Sorry": Pole Iliyogeuzwa Samahani

Leo naomba tulitazame neno moja ambalo hata asiyejua Kiingereza hulitamka: "sorry".

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu Mwingereza alijikwaa kizingitini akamwaga chaki. Darasa zima tukasema, "Sorry!" Akatugeukia: "Kwani ni ninyi mlionisukuma?" Tangu hapo nikashika kwamba neno hilo ni la mkosaji peke yake, yaani samahani, anayetaka kumpa mtu pole atafute jingine. Nililifundisha hivyo kwa miaka mingi, na kalamu yangu nyekundu haikumhurumia mtu.

Siku moja nilirejea kazini kutoka kumzika mama. Mwanafunzi wa kidato cha pili, kijana mpole asiyependa kuzungumza, akasimama: "Sorry, madam." Nami, kwa mazoea tu, nikamjibu: "Umenikosea nini?" Wenziwe wakacheka. Akaketi.

Miaka mingi baadaye, nikipekua kamusi ya asili ya maneno, nikakuta "sorry" limetokana na neno la Kiingereza cha kale, "sarig", lililozaliwa na "sar", yaani maumivu au jeraha. Ndugu yake wa tumbo moja ni "sore", kidonda. Wengi hudhani ni ndugu wa "sorrow", huzuni. Kumbe hao wamefanana sura tu, nasaba zao ni mbali. Aliyelitamka hapo kale alikuwa akisema: moyo wangu unauma. Maana ya kuomba radhi ilikuja nyuma, kwa kuwa mkosaji naye hutarajiwa aumwe na alilolitenda. Na Waingereza wenyewe hawajaiacha maana ya kwanza: mfiwa huambiwa neno hilohilo, wala hamuulizi msemaji kama ndiye aliyeua.

Sisi tumeyatenga mambo hayo mawili. "Samahani" tumeipata kwa Waarabu, na ndani yake mna ombi: nisamehe. "Pole" haiombi kitu. Humfuata aliyeumia pale alipo. Basi anayemwambia "sorry" mtu aliyejikwaa anafikiri kwa Kiswahili, naam, lakini bila kujua amelirudisha neno la watu karibu na kwao.

Yule kijana sijamwona tangu alipomaliza kidato cha nne. Nikikutana naye nitaanza na samahani, kisha nimwambie kwamba pole yake niliipokea, ingawa kwa kuchelewa.