Kiwanja cha Gofu Kilicholimwa kwa Mikono

Msafiri atokaye mji wa Canton, katika jimbo la Ohio, Marekani, akaishika barabara kuu nambari 30 kuelekea mashariki, huingia punde katika nchi ya wakulima. Ni nchi ya vilima vya wastani, mashamba ya mahindi, maghala ya mbao na ng'ombe wa maziwa. Karibu na mji mdogo wa East Canton kipo kiwanja cha gofu kiitwacho Clearview. Hapana fahari mahali hapo. Jengo la kupokelea wageni ni la kawaida tu, na mtu aliyezoea klabu kubwa za mijini angeweza kulipita akidhani ni makazi ya mkulima. Dhana yake isingekuwa mbali na kweli, kwani ardhi hii ilikuwa shamba la ng'ombe kabla haijawa kiwanja cha mchezo, na familia iliyolibadili shamba hilo iliishi papo hapo.

Huku kwetu gofu ni mchezo ulioangaliwa kwa mbali. Waingereza waliuleta Entebbe na Nairobi mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia katika viwanja hivyo akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine, au akiwa na fyekeo mkononi. Hata neno lenyewe lina kejeli yake, maana gofu kwa Kiswahili ni nyumba iliyobomoka, na asiyeujua mchezo akielekezwa "kwenye gofu" angeweza kutafuta kuta zilizoanguka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huko Marekani nako, nchi yenye viwanja vya gofu vingi kuliko nchi yoyote, mtu mweusi alifungiwa milango ile ile.

Bwana William Powell alizaliwa Greenville, jimbo la Alabama, mwaka 1916, akakulia Minerva, mji mdogo wa Ohio. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alikuwa akibeba fimbo za wachezaji, na kwa kubeba akajifunza kupiga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la nchi yake huko Uingereza, na siku za mapumziko alicheza katika viwanja vya Waingereza bila mtu kumzuia. Aliporudi nyumbani mwaka 1946, amevaa heshima ya askari aliyeshinda vita, viwanja vya kwao vilimkatalia. Sheria ya mwaka 1944 iliwaahidi askari waliorejea msaada wa kupata mikopo. Powell alipoomba, alinyimwa.

Wengine wangeandika barua za malalamiko. Powell aliamua kutengeneza kiwanja chake mwenyewe. Madaktari wawili weusi walikubali kushirikiana naye kwa fedha, na kaka yake akaiweka rehani nyumba yake ili Powell apate fungu lake. Kwa njia hiyo wakanunua shamba la ekari 78.

Inafaa kueleza kazi ya kutengeneza kiwanja cha gofu, maana anayetazama majani mabichi yaliyolala kama zulia hadhani kuwa kuna jasho chini yake. Kwanza nguzo za ua wa ng'ombe zilipaswa kung'olewa. Kisha mawe yakaokotwa, kwa sababu jiwe moja lililojificha huvunja kisu cha mashine ya kukatia majani. Ndipo zikaja mbegu, nazo Powell alizimwaga kwa mkono, akitembea shamba zima kama mkulima apandaye ulezi. Kazi hiyo aliifanya mchana. Ilipofika saa tisa alasiri alikuwa kazini Canton, akilinda kiwanda cha Timken, akatoka saa tano ya usiku. Mkewe, Bibi Marcella, alifanya kazi pamoja naye, na huku akilea. Binti yao Renee alizaliwa mwaka ule ule wa 1946. Kila mke aliyewahi kujenga nyumba na mumewe kwa mshahara mmoja ataelewa bila kuambiwa jinsi miaka miwili ile ilivyokuwa.

Mwaka 1948 mashimo tisa yalifunguliwa. Mtu yeyote aliyeweza kulipa ada aliruhusiwa kucheza, mweusi kwa mweupe. Powell alikuwa na kawaida ya kusema kwamba rangi pekee iliyokuwa na maana mahali pale ni rangi ya majani.

Uzuri wa kiwanja cha namna hii hutokana na umaskini wake, nalo si jambo la kulionea haya. Tajiri akitaka kiwanja huajiri mitambo ikahamisha vilima na kuchimba maziwa. Asiye na mitambo hana budi kuifuata ardhi kama alivyoikuta. Mahali palipoinama, mpira nao huinama. Mti uliosimama njiani kabla ya mchezo hubaki, na mchezaji ndiye atafutaye njia ya kuuzunguka. Basi kila shimo hupata tabia yake, kama watoto wa nyumba moja. Anayerudi mara kwa mara huyajua mashimo hayo, akayasamehe mengine na kuyaogopa mengine.

Tena mashimo tisa ni kadiri ya mtu mwenye kazi na nyumba. Mashimo kumi na nane humla mtu nusu ya siku. Tisa hayazidi sana saa mbili. Mfanyakazi aliyetoka zamu yake aweza kucheza kabla ya giza, akarudi kula chakula cha jioni na watoto wake. Aliye na nafasi huzunguka mara ya pili. Clearview ilidumu hivyo kwa miaka thelathini, mpaka mwaka 1978, ambapo mashimo mengine tisa yalikamilika katika ardhi iliyoongezwa. Yawezekana wapo waliosikitika kidogo kiwanja kilipokuwa kikubwa, lakini Powell alikuwa amekwisha kupita miaka sitini, na aliyekataliwa kwa muda mrefu ana haki ya kutaka hesabu kamili.

Chama cha wacheza gofu wa kulipwa cha Marekani, tangu mwaka 1934, kilikuwa na kifungu katika katiba yake kilichoruhusu watu weupe pekee, nacho kilifutwa mwaka 1961 tu. Kwa miaka kumi na mitatu, basi, mwenye Clearview aliweza kujenga kiwanja na kukiendesha, lakini asiweze kuwa mwanachama.

Watoto walikulia kwenye majani. Larry aliishika kazi ya kuyatunza. Renee alipewa fimbo iliyokatwa fupi alipokuwa na miaka mitatu. Mwaka 1967 akawa mwanamke mweusi wa pili kuingia katika mashindano ya wanawake wa kulipwa, baada ya Althea Gibson. Alicheza mashindano zaidi ya 250. Hoteli nyingine zilikataa kumpokea, na vitisho vilimfikia kwa barua. Asubuhi yake alitakiwa kusimama mbele ya watu na kupiga mpira kwa mkono usiotetemeka. Baada ya kuacha mashindano mwaka 1980 hakuacha kufundisha, na safari zake za kufundisha zilimleta hata Afrika. Mwaka 1995 alikuwa amerudi shambani kwa wazazi wake akiwa mwalimu mkuu wa kiwanja.

Heshima ilikuja, ingawa kwa mwendo wa konokono. Mwaka 2001 Clearview iliandikishwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha St Andrews, huko Skotland, kilimpa Renee shahada ya heshima. Mwaka 2009 chama kile kile kilichomfungia Powell mlango kilimtunukia nishani yake kubwa. Alifariki tarehe 31 Desemba ya mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 93. Bibi Marcella alikuwa amemtangulia mwaka 1996. Klabu ya kale ya St Andrews, iliyokaa miaka 260 bila mwanachama mwanamke, ilimpokea Renee mwaka 2015 miongoni mwa wanawake wake wa kwanza.

Kiwanja cha familia hakijiendeshi kwa nishani. Mashine huharibika, kiangazi hukausha majani, na ekari 130 kando ya barabara kuu huwavutia wanunuzi. Kwa hiyo familia ilianzisha mfuko wa hisani wa kukihifadhi. Mwaka 2011 Renee aliongeza jambo moja: mafunzo ya bure kwa wanawake waliotumikia jeshi. Wapo waliorudi kutoka vitani na majeraha ya mwili au ya moyo, na wengi hawakuwa wamewahi kushika fimbo ya gofu. Hupokewa, hupewa fimbo, kisha huongozwa kwenye kilima ambacho askari mwingine alikimwagia mbegu kwa mkono wake.